Moshi, Matuta na Majani ya Mbuzi

Kuna kitabu kimoja chenye majina mawili. Kilipotoka London mwaka 1960 kiliitwa Land and Politics among the Luguru of Tanganyika. Marekani wakakiita Smoke in the Hills, moshi milimani. Waandishi ni walewale: Roland Young, msomi wa siasa, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Mimi nilivutwa na jina la pili, nikidhani nimepata kitu kinachokaribia riwaya. Wapi! Nilikuta habari za matuta.

Lakini ni kitabu ninachokirudia kila ninaposikia mtu akisema, "Tupande majani kingo za mito, wananchi waelimishwe." Majani sina ugomvi nayo. Ni hilo neno waelimishwe ndilo linalonirudisha Uluguru ya miaka ya 1950.

Mwaka 1950 serikali ilikuwa imeanzisha mradi ulioitwa Uluguru Land Usage Scheme, kwa kifupi ULUS. Hofu yake haikuwa ya uongo. Mvua ikinyesha milimani udongo unashuka, mito inajaa tope, na kule bondeni mafuriko yanazidi. Mgeta, Mvuha, Ngerengere na mingineyo yote huishia Ruvu, mto ambao leo ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Basi ikaamriwa: kuchoma mashamba marufuku, na kila mwenye nguvu achimbe matuta ya ngazi. Asiyechimba alipelekwa barazani, akatozwa faini.

Ngazi hizo zilikuwa na kasoro ambayo mkulima aliiona mapema kuliko bwana shamba. Ukikata mteremko mkali ili upate sehemu tambarare, unafukia udongo mweusi wa juu na kuleta juu ule wa chini, mwekundu, usio na rutuba. Mtu ametoka jasho msimu mzima, halafu mahindi yanatoka ya njano, yamedumaa. Wenyewe walikuwa na ngazi zao za zamani, ndogondogo, zinazotengenezwa kwa kufukia majani na mabaki ya mazao ndani ya udongo. Hazikuwa za kupendeza kwenye picha, ila zililisha ardhi.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Mtu anaweza kulima shamba miaka mingi bila kuwa lake. Amepewa tu, na wenye ukoo wanajulikana. Sasa ukimlazimisha mtu huyo ajenge kitu cha kudumu kwenye ardhi ya wajomba wa mwingine, tuta hilo linakuwa la nani? Na ardhi ikishatengenezwa vizuri, serikali haitaitamani? Maofisa waliona ubishi. Mimi naona swali la kisheria ambalo halikujibiwa.

Julai 1955 mambo yalilipuka Matombo, upande wa mashariki wa milima. (Matombo kwa Kiluguru ni matiti, ukiviona vile vilima huhitaji kuelezwa.) Watu walikusanyika kukataa matuta, polisi wakaletwa, risasi zikapigwa, mtu akafa. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kuanzishwa, na serikali ikaona mkono wake kila mahali. Matuta ya lazima yakaachwa. Majembe yakarudi kwenye kazi zake.

Hadithi ingeishia hapo kama si upande wa pili wa mlima. Mgeta, magharibi, matuta yalibaki. Ukipita Mlali ukapanda kuelekea Nyandira utayaona mpaka leo, yamepangwa kama ngazi za jengo lisilo na mwisho. Hayakubaki kwa sababu watu wa Mgeta walielimika kuliko wa Matombo. Yalibaki kwa sababu kule wanalima kabichi, karoti na njegere za kupeleka sokoni, wanamwagilia kwa mifereji, na wanaweka samadi. Tuta likawa linalipa.

Hata hivyo Mgeta nako kulipata pigo. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya milimita 100 hivi kwa muda usiofika saa tatu, na ardhi ikaporomoka katika sehemu zaidi ya elfu moja. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walipozihesabu waligundua kwamba maporomoko yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia moja. Mengine yalianzia mashambani, na, hapa ndipo niliposimama kusoma, kwenye mashamba yaliyopumzishwa yakaota nyasi. Yaani nyasi zilikuwepo na mlima ukateleza nazo. Udongo ulikatika kwenye kina cha mita moja hivi, mizizi ya nyasi za kawaida ikiwa imeishia juu yake. Kwa hiyo anayesema "panda majani" hajasema kitu mpaka aseme majani gani.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950, huko Fiji, John Greenfield alikuwa akipanda vetiva kwenye mashamba ya miwa yenye miteremko. Mizizi yake haitambai pembeni. Inashuka wima, hata mita tatu. Ukiipanda kwa mstari uliobanana, maji yanapunguza mwendo na tope linabaki nyuma yake, na baada ya miaka tuta linajijenga lenyewe bila mtu kugeuza udongo. Kwenye kingo za mto, mafuriko yakija majani yanalala juu ya udongo kama mkeka, mizizi ikiushika kwa ndani. Mto ukichimba chini ya mizizi, hapo hakuna jani litakalosaidia, utahitaji mawe. Lakini nikifikiria kwamba dawa ya matuta yaliyomwaga damu Matombo ilikuwa tayari shambani kwenye kisiwa cha mbali, nashika kichwa.

Ila vetiva ina tatizo moja: ikikomaa, mbuzi haitaki. Na Mgeta mbuzi ana kauli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Sokoine kilipeleka huko mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway. Mbuzi wa zizini anataka majani kila siku, na shamba la mboga halina nafasi ya majani. Isipokuwa ukingoni mwa tuta. Ndiyo maana leo ukingo umeota mabingobingo na majani ya Guatemala. Mizizi yake haifiki ile ya vetiva, mhandisi angenung'unika, lakini hayo ndiyo yanayoshika kuta za matuta na kingo za vijito, bila faini na bila baraza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Uluguru, mita 60 kutoka kijitoni wakati mwingine ndiyo bonde zima, ndiyo shamba la mama na bibi, ndiyo ada ya shule. Swali la mwaka 1955 limerudi likiwa limevaa nguo mpya.

Niliwahi kusimama kando ya mto Mgeta nikimtazama mama mmoja akikata mabingobingo kwa mundu. Nikamwambia, "Shikamoo mama, si mmekatazwa kugusa huku mtoni?" Akaitikia marahaba, akaendelea kukata. Kisha akanionyesha shina aliloliacha, limesimama kimo cha kiganja.

"Ukikata chini sana linakufa," akasema. "Likifa, mto unaingia shambani. Sasa mwanangu, nikiacha kuja huku, nani atalikata hivi?"