Fumbo la vipindi vitano: linavyotatuliwa, na kwa nini liliondolewa kwenye LSAT

Wasikilizaji kadhaa wametuomba tuandike lile fumbo tulilolisoma hewani, kwa sababu kulishika kwa sikio tu kuliwashinda. Hamkuwa peke yenu. Tulipolijaribu studioni bila karatasi, mwenzetu alipotea kwenye sharti la tatu.

Mafumbo ya namna hii yalijulikana sana kupitia LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani ulioanza mwaka 1948. Kule mtu husomea sheria baada ya digrii ya kwanza, si kutoka kidato cha sita moja kwa moja kama kwetu Tanzania. Sehemu ya mafumbo ilikuwa na mafumbo manne, maswali 22 hadi 24 kwa jumla, na muda wa dakika 35. Ukigawa, kila fumbo linapata chini ya dakika tisa. Hakuna hesabu ngumu ndani yake wala kifungu cha sheria cha kukariri.

Fumbo letu tumelitunga wenyewe kwa mtindo ule. Redio ina vipindi vitano vya kupanga asubuhi, kimoja baada ya kingine: Afya, Habari, Kilimo, Michezo na Watoto. Habari inafuata Kilimo papo hapo, bila kipindi kingine katikati. Michezo inatangulia Kilimo, iwe karibu au mbali. Watoto ni cha kwanza au cha mwisho. Afya na Watoto havikai jirani.

Wengi hukimbilia swali la kwanza na kuanza kubahatisha. Usifanye hivyo. Chora mistari mitano midogo, nafasi ya kwanza hadi ya tano, kisha andika masharti kwa herufi: K na H zikiwa zimeshikana, M kabla ya K, na kadhalika. Anza na sharti linalobana zaidi. Hapa ni Watoto, maana kina nafasi mbili tu. Basi gawa kazi mara mbili.

Watoto kikiwa cha kwanza, Afya haiwezi kuwa ya pili. Kilimo nacho hakiwezi, kwa sababu Michezo lazima itangulie, na Habari haiji bila Kilimo mbele yake. Kwa hiyo ya pili ni Michezo. Zinabaki njia mbili: Watoto, Michezo, Afya, Kilimo, Habari, au Watoto, Michezo, Kilimo, Habari, Afya.

Watoto kikiwa cha mwisho, Afya haiwezi kuwa ya nne. Hapo pia kuna njia mbili: Afya, Michezo, Kilimo, Habari, Watoto, au Michezo, Afya, Kilimo, Habari, Watoto. Mipango yote ni minne, basi. Ukishaiandika, maswali yanakuwa kama kusoma ratiba ukutani. Habari ikiwa ya mwisho, ya tatu ni ipi? Afya. Kipindi gani kinaweza kuwa cha tatu? Afya au Kilimo, basi.

Penye mtego ni kwenye maneno mawili, “lazima” na “inaweza”. Swali likiuliza kipi kinaweza kuwa kweli, mpango mmoja tu unaokubali unatosha. Likiuliza kipi lazima kiwe kweli, geuza kazi: tafuta mpango unaokivunja. Kwa mfano, “Habari ni ya nne” inaonekana kweli, maana ni kweli katika mipango mitatu. Mpango mmoja unaikataa, kwa hiyo si lazima. Na swali likianza na “ikiwa”, sharti hilo jipya ni la swali hilo peke yake; usilibebe kwenda swali linalofuata. Hapo ndipo watu wengi walipoteza alama, kwa maoni yetu, kuliko kwenye ugumu wa fumbo lenyewe.

Sasa rudi kwenye ile mistari mitano. Kila mwalimu wa LSAT alimfundisha mwanafunzi kuchora. Je, asiyeona? Angelo Binno, mkazi wa jimbo la Michigan asiyeona, alilipeleka swali hilo mahakamani. Kesi yake ya kwanza, dhidi ya chama cha mawakili cha Marekani, ilitupwa. Baadaye walishtakiwa waandaaji wa mtihani wenyewe, LSAC. Hoja ilikuwa kwamba sehemu hii ilipima uwezo wa kuchora na kutazama mchoro, jambo ambalo wakili halihitaji ili aitetee kesi. Mwaka 2019 pande mbili zilipatana, na LSAC ikakubali kutafuta, ndani ya miaka minne, njia nyingine ya kupima uwezo wa kufikiri.

Wapo waliosikitika, hasa waliokuwa wamefanya mazoezi kwa miezi na kuyapenda mafumbo hayo. Sisi tunaofanya kazi ya sauti tupu tunamwelewa zaidi Binno: tulimsomea msikilizaji masharti manne tu, naye akatuomba karatasi.

Juni 2024 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa mafumbo hayo kutokea. Tangu Agosti 2024 nafasi yake imechukuliwa na sehemu ya pili ya maswali ya hoja fupi: unasoma aya moja, kisha unaulizwa hoja yake ina kasoro gani au inasimama juu ya dhana ipi. Aya kama hiyo mtu anaweza kusomewa na kuijibu bila kuchora chochote.