Siri ya Miezi Mitatu: Mimba Changa katika Nyua za Kariakoo



Bibi harusi wa visiwani anaijua safari ya Kariakoo. Tunavuka na boti asubuhi, tunazunguka Mtaa wa Congo na Msimbazi tukitafuta khanga, mashuka na vyombo, na jioni tunarudi na mizigo. Leo tunaizungumza Kariakoo kwa jambo linalokuja baada ya harusi, Allah akijaalia: wiki za mwanzo za mimba, ambazo bibi zetu walizifanya siri.

Jina la mtaa huu limetokana na vita. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa kambi hapo. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka Kariakoo. Vita vilipokwisha, mji uligawanywa kwa rangi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika ng'ambo ya kiwanja cha Mnazi Mmoja. Huko ndiko Kariakoo ilikojengeka.

Nyumba zake zilikuwa za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko na choo. Kila chumba kilikuwa na wapangaji wake, lakini ua ulikuwa wa wote. Mke mgeni hakuwa na pa kujificha. Akikimbilia chooni alfajiri kutapika, wanawake wenzake walisikia. Akigeuza uso kitunguu kikikaangwa, walitazamana. Hawakusema neno. Mmoja alimletea kipande cha tangawizi, mwingine alimchukulia ndoo ya maji, na somo yake, yule mtu mzima aliyemfunda kabla ya harusi, aliitwa kimyakimya.

Nje ya ua, habari haikutoka mpaka tumbo lilipojitokeza. Watu waliogopa hasadi na jicho, na palikuwa na haya pia. Lakini tusiwacheke bibi zetu. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika miezi mitatu ya mwanzo, na siri ile ilimwepusha mwanamke na maswali ya mtaa mzima akiwa na msiba wake.

Wanawake hao walikuwa wamezoea kusaidiana. Walikuwa na vikundi vyao vya lelemama, vilivyowakusanya katika harusi, uzazi na misiba. Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliimba katika kikundi kilichoitwa Bomba. Alipoanza kuwaita wanawake waingie TANU mwaka 1955, alipita kwenye vikundi hivyo, kwa sababu humo ndimo walimoaminiana.

Hospitali haikuwa karibu na mioyo yao. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la tajiri wa Kihindi aliyetoa mali yake ijengwe. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali ya Princess Margaret huko Upanga, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Hata hivyo, wengi waliendelea kumwamini mkunga wa mtaani. Mwaka 1974 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto, na kadi ya kliniki ikaanza kuwa jambo la kawaida kwa mjamzito. Tangu mwaka 2004 wajawazito walipewa hati punguzo kliniki ili wanunue chandarua kwa bei nafuu.

Sasa tazameni Kariakoo ya leo. Nyumba nyingi za vyumba sita zimevunjwa na maghorofa yamesimama mahali pake. Mke mpya anaishi juu, mlango umefungwa, mume yuko dukani tangu asubuhi. Akitapika, hakuna anayesikia. Siri ya miezi mitatu ameirithi, lakini wale wanawake wa uani hakuwarithi. Hapo ndipo penye hatari. Bibi yake alificha mtaani huku akitunzwa nyumbani. Yeye anamficha hata nesi, na anafika kliniki mwezi wa tano.

Mengi yanakuwa yamekwisha kupita. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kujengeka ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutunga, mara nyingi kabla mama hajajijua. Ndiyo maana vidonge vya foliki asidi vinashauriwa vianze hata kabla ya kushika mimba. Bibi harusi, viweke kwenye orodha yako pamoja na mashuka. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio 8, na la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Hapo utapimwa damu, presha, kaswende na virusi vya ukimwi, na mumeo apime pia. Dawa ya kuzuia malaria huanza baada ya miezi mitatu, lakini chandarua ni cha tangu usiku wa kwanza.

Utegemee uchovu, usingizi, kichefuchefu, matiti kuuma na haja ndogo mara kwa mara. Kula kidogo kidogo. Kitu kikavu kabla ya kutoka kitandani husaidia, na chai nyepesi ya tangawizi pia. Ule udongo unaouzwa sokoni, unaoitwa pemba, wengi wetu tunautamani, lakini unaweza kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na upungufu wa damu ni adui wa mjamzito. Dawa za mitishamba usizinywe bila kumuuliza mtaalamu. Ukiona damu, ukipata maumivu makali ya tumbo, homa, kizunguzungu cha kuanguka, au ukitapika hata maji hayakai, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dini yetu haikumdharau mwanamke katika hali hii. Suratul Luqman inatukumbusha taabu ya mama aliyebeba mimba, na kwa ajili yake tunaamrishwa kuwashukuru wazazi. Mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani. Muulize mwanachuoni unayemwamini jinsi ya kulipa.

Basi, dada, siri yako ibakie siri kwa mtaa ukipenda. Soma dua zako za kinga. Lakini wawepo watu watatu wanaojua: mumeo, mama au somo yako, na mkunga wa kliniki. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nasi tunaongeza: usiwafiche.

Allah awajaalie wanaotafuta, awahifadhi waliobeba, na awape subira na badala iliyo bora waliopoteza. Amin.