Daftari la Muundaji wa Jairokopta

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walipoyasema hayo waliwakusudia wafanya biashara, watu ambao deni lisiloandikwa huwageukia hasara. Lakini hekima njema haina mipaka. Humfaa asiyekusudiwa kama imfaavyo aliyekusudiwa. Katika makala haya nataka kuipima hekima hiyo kwa mtu aliye mbali na maduka yetu, yaani mtu aundaye ndege ndogo katika banda la nyumba yake, kisha akaiomba serikali ruhusa ya kuirusha. Mali ya mtu huyu ni roho yake.

Ndege yenyewe huitwa jairokopta. Kwa umbo inafanana na helikopta, lakini kwa tabia ni mbalimbali nayo. Injini ya helikopta huyazungusha mapanga ya juu. Injini ya jairokopta huzungusha rafadha tu. Rafadha huisukuma ndege mbele, na upepo upandao kupitia mapanga ndio uyazungushao. Ndege nzima na mtu aliyemo huning'inia katika mapanga hayo, na katika jairokopta nyingi ndogo mapanga mawili hushikwa na bolti moja. Bolti hiyo haina msaidizi. Ikikatika hewani, ujuzi wa rubani haumfai kitu.

Chanzo cha mashine hii ni Juan de la Cierva, mhandisi wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1895. Mwaka 1919 ndege yake kubwa ya injini tatu ilipoteza mwendo ikaanguka, naye akaazimia kuunda ndege isiyotegemea mbio ili ielee. Majaribio yake ya kwanza hayakufaulu, kwa maana mashine zilipinduka upande. Ndipo alipotia bawaba katika shina la kila panga, lipate kupanda na kushuka kwa hiari yake; na Januari 1923, karibu na Madrid, mashine ya nne iliruka. Mwaka 1927, huko Uingereza, moja ya mashine zake iliachwa na panga hewani; rubani aliumia, lakini akaokoka. Baada ya msiba huo iliongezwa bawaba ya pili, ili panga lipate pia kwenda mbele na nyuma. Yafaa msomaji akumbuke sababu ya msiba: hitilafu ilikuwa katika shina la panga, mahali padogo ambapo mzigo wote hukutana.

Mashine za de la Cierva zilikuwa kazi ya viwanda. Aliyeipeleka jairokopta nyumbani kwa watu ni Igor Bensen, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani. Mwaka 1953 alianzisha kampuni yake katika jimbo la North Carolina, akawa anauza michoro na vifurushi vya sehemu. Jairokopta yake iitwayo B-8M iliruka mwaka 1957. Kiunzi chake kilikuwa cha mabomba ya alumini ya pembe nne, yaliyofungwa kwa bolti. Na injini iliyotumiwa sana ni McCulloch, ambayo asili yake iliundwa kwa ndege zisizo na rubani, zilizorushwa ili askari wajifunzie shabaha. Basi injini iliyokusudiwa chombo cha kutunguliwa ilibebeshwa mtu. Mwaka 1962 Bensen alianzisha chama cha waundaji na warushaji wa mashine hizi.

Hapo serikali zilikabiliwa na swali jipya. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliitaka kila ndege ivukayo mipaka ya nchi iwe na hati ya kufaa kuruka, na hati hizo zilizoea kutolewa kwa viwanda vyenye wahandisi na maabara. Je, seremala, mwalimu au karani aliyeunda ndege moja tu maishani apimwe kwa kipimo gani?

Marekani na Uingereza zilijibu kwa njia mbili. Marekani iliamua kwamba mtu aliyeunda sehemu kubwa ya ndege kwa mikono yake, kwa ajili ya elimu au burudani yake, aruhusiwe kuirusha kama ndege ya majaribio, na neno hilo liandikwe juu yake ili abiria alione. Hapa daftari na picha za kazi zilikuwa kwanza ushahidi wa nani aliyeunda. Tena kwa miaka mingi ndege yenye injini isiyo na hati ilitakiwa iruke saa 40 katika eneo lililotengwa kabla ya kuchukua abiria. Uingereza ilipita njia nyingine. Chama cha wenye ndege ndogo kilichoanza mwaka 1946 kilipewa amana ya kukagua. Mchoro ulihitaji kukubaliwa, na mkaguzi alitia sahihi kila hatua ya kazi, hasa kabla ya kufunikwa sehemu ambayo haitaonekana tena. Hapa daftari lilikuwa ushahidi wa kilichoundwa na jinsi kilivyoundwa.

Katika daftari la namna hiyo, kila sehemu yenye kubeba mzigo huandikiwa namba yake katika mchoro, jina la aliyeiuza, namba ya fungu ilimotoka kiwandani, mahali ilipofungwa, nguvu iliyokaziwa, tarehe na sahihi. Hati ya mwuzaji huambatishwa. Mtu mwepesi ataona haya ni usumbufu. Lakini kiwanda kikitangaza kesho kwamba fungu fulani la bolti lilichomwa vibaya, mwenye daftari atajua kwa dakika chache kama bolti hizo zimo katika ndege yake. Asiye nalo atalazimika kubomoa yote, au kuruka kwa kubahatisha.

Sisi wa pwani hatuoni ugeni katika jambo hili. Wanazuoni wa hadithi hawakukubali maneno kwa uzuri wake tu. Waliuliza, kayapokea nani, kutoka kwa nani, hata yafike kwa msemaji wa kwanza. Mnyororo ukikatika, hadithi hudhoofika. Bolti nayo ina isnadi yake: mtumiaji kaipokea kwa mwuzaji, mwuzaji kwa kiwanda, na kiwanda kwa tanuri la chuma. Bolti mbili zaweza kufanana kwa macho, hata kwa alama iliyopigwa kichwani, na moja ikawa ya uongo.

Huu si mfano wa kubuni. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya abiria iliyotoka Norwe kwenda Ujerumani ilivunjika mkia ikaanguka baharini karibu na Denmark. Watu wote 55 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulikuta katika vishikizo vya mkia bolti za bandia, zisizo na nguvu zilizodaiwa. Hiyo ilikuwa ndege ya kampuni, yenye mafundi wenye vyeti. Ikiwa yalitokea huko, mtu wa bandani ana udhuru gani wa kutouliza?

Hata hivyo tusiligeuze daftari kuwa hirizi. Wanazuoni wale wale waliokagua isnadi walikagua na matini, kwani mnyororo waweza kuwa mzima na maneno yakawa na kasoro. Huko Uingereza, baada ya ajali nyingi za jairokopta, Chuo Kikuu cha Glasgow kilifanya utafiti kwa ajili ya mamlaka ya usafiri wa anga. Ilionekana kwamba jambo kubwa katika utulivu wa mashine hizi ni kimo cha mstari wa msukumo wa rafadha kikilinganishwa na kitovu cha uzito. Rafadha ikisukuma juu mno ya kitovu hicho, ndege huwa tayari kuinamisha pua, na mapanga yakipoteza mzigo rubani huenda asipate nafasi ya kuirudisha. Basi yawezekana kila bolti ikawa na hati, kila bomba likawa na namba, kila sahihi ikawa ya kweli, na chombo kizima kikawa mtego. Mwanafunzi wa lugha ataelewa upesi: maneno yote ya sentensi yaweza kuwamo katika kamusi, na sentensi isiwe na maana.

Kuna watakaosema kwamba mafundi wetu waliunda majahazi bila mchoro wala karatasi, nayo yalifika Maskati na kurudi. Ni kweli. Lakini fundi wa jahazi alikuwa mwenyewe daftari: mwalimu wake alijulikana, miti aliichagua kwa mkono wake, na waliosafiri walimjua kwa jina. Muundaji wa jairokopta hununua bolti kwa watu asiowajua, zilizofuliwa katika miji asiyoiona. Ujuzi uliokuwa kifuani mwa mtu mmoja umetawanyika kwa watu wengi, na kuandika ndiyo njia ya kuukusanya tena.

Kwa hiyo karatasi haiiumbi kweli, ila huihifadhi ipate kuulizwa. Atakayeinunua ndege hiyo baada ya miaka ishirini, pengine muundaji akiwa amekwisha kufa, hatakuwa na mwingine wa kumwuliza ila daftari. Na aliyeandika humo uongo ili apate sahihi upesi amemwachia mtu asiyemjua deni la kulipwa kwa roho.