Kiungo cha Ekseli: Gololi, Grisi na Mkono wa Fundi

Gari ambalo magurudumu yake yanayosukuma hupanda na kushuka kila moja kivyake linahitaji ekseli inayoweza kuzunguka na kupinda kwa wakati mmoja, kwa kuwa gia boksi imefungwa imara ilhali gurudumu hufuata mashimo na matuta ya barabara. Kazi hiyo hufanywa na kiungo kilicho kwenye kila ncha ya ekseli, ambacho mafundi wa gereji hukiita sivijointi. Uvumbuzi wake ulitatua tatizo la mwendo, lakini uhai wa chuma chenyewe ukakabidhiwa kwa grisi, mpira na fundi, na jambo hilo huonekana wazi zaidi katika magari ya michezo ya zamani.

Kiungo cha awali kilikuwa cha msalaba, yaani uma mbili za chuma zilizounganishwa na kipande chenye mikono minne. Katika Ulaya bara kilihusishwa na Gerolamo Cardano, msomi wa Italia wa karne ya 16, na huko Uingereza na Robert Hooke, aliyekichunguza katika karne ya 17. Kasoro yake ni ya kihesabu: shafti mbili zikikutana kwa pembe ya nyuzi 30, ile inayosukumwa hupungua mwendo hadi takribani asilimia 87 ya mwendo wa ile inayoisukuma, kisha hupanda hadi takribani asilimia 115, na hubadilika hivyo mara mbili katika kila mzunguko. Viungo viwili vikipangwa ipasavyo hufutiana kasoro hiyo, ila gurudumu linalokata kona halidumishi mpangilio huo, na matokeo yake ni mtetemo na uchakavu.

Jawabu lilipatikana katika miaka ya 1920. Nchini Ufaransa, Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walibuni kiungo cha Tracta, na nchini Marekani Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, aliomba hataza ya kiungo cha gololi mwaka 1927. Katika kiungo cha Rzeppa, gololi sita hukaa kwenye mifereji iliyochongwa kati ya kitovu cha ndani na bakuli la nje, zikishikiliwa na kizimba ambacho huziweka daima katikati ya pembe ya shafti mbili, na kwa sababu hiyo mwendo unaoingia huwa sawa na mwendo unaotoka. Kiungo hicho kilitumika katika magari ya kijeshi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Mini ya Alec Issigonis ya mwaka 1959 ikakifikisha kwa wanunuzi wa kawaida.

Miongoni mwa magari ya michezo, Porsche 911, iliyooneshwa Frankfurt mwaka 1963, ilianza na ekseli za Nadella zenye viungo vya aina ya msalaba. Kwa magari ya mwaka 1969, kiwanda kiliyasogeza magurudumu ya nyuma kwa milimita 57 ili kurekebisha mgawanyo wa uzito, huku injini na gia boksi vikibaki pale pale. Ekseli zikalazimika kuelekea nyuma kwa mshazari hata gari likiwa kwenye barabara iliyonyooka, na viungo vya gololi vya Löbro ndivyo vilivyowezesha mpango huo. Kiungo cha Löbro kina uwezo mwingine pia, kwani gololi huteleza kwenye mifereji na kuiruhusu ekseli kurefuka na kufupika kidogo gurudumu linapopanda na kushuka.

Faida hiyo ina gharama yake. Gololi hubingirika na kuteleza kwa pamoja chini ya shinikizo kubwa, na utando wa mafuta hukamuliwa kutoka mahali unapohitajika zaidi. Ndiyo maana viungo hivi hupakwa grisi yenye molibdeni disulfidi, madini ambayo tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine kama karata na kukinga chuma pale mafuta yanapokonda. Mpira wenye mikunjo huizuia grisi isirushwe nje na vumbi lisiingie. Mpira ukipasuka, mchanga huchanganyika na grisi na kuwa msasa. Hata usipopasuka, baada ya miaka mingi mafuta hujitenga na kuacha masalia makavu.

Usafishaji wake, kwa hiyo, una taratibu zake. Fundi husafisha kwanza vichwa vya bolti za kiungo, kwa sababu spana isiyoingia hadi mwisho huviharibu. Kisha huweka alama kwenye kitovu, kizimba na bakuli, maana sehemu zilizozoeana zisiporudi kama zilivyokuwa, kiungo hukaza au huchakaa upya. Gololi za kiungo kimoja hazichanganywi na za kingine. Baada ya kuosha kwa mafuta ya taa na kukausha kabisa, fundi hutazama mifereji kwenye mwanga: mng'aro wa njia ya gololi ni wa kawaida, lakini vishimo vinavyokwamisha ukucha humaanisha kwamba chuma kimeanza kumeguka na kiungo hakifai tena. Grisi mpya husukumwa hadi itokeze upande wa pili.

Afrika Mashariki iliyajaribu magari haya kwa ukali. Katika Safari Rally, 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1972 kwa Sobiesław Zasada, mwaka 1974 kwa Björn Waldegård na mwaka 1978 kwa Vic Preston Jr, katika njia za vumbi, mawe na tope ambazo ni adui hasa wa mpira na grisi.

Historia hii inafaa basi kuandikwa kwa kuwahesabu pia walioosha na kupaka. Rzeppa aliusawazisha mwendo, lakini 911 ya mwaka 1969 inayotembea leo inatembea kwa sababu kila kizazi cha mafundi kimeirudia kazi hiyo chafu kwa uangalifu uleule, na heshima anayopewa mvumbuzi inawastahili na wao.