Nyufa za miamba zinavyoamua uhai wa kisima cha mvuke

MWANZA

MSAFIRI anayeingia Mwanza kwa meli hulakiwa na Jiwe la Bismarck, na nyuma yake vilima vya mawe yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Aliyeyapanga ni ufa.

Graniti hiyo, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iligandia chini sana ardhini. Miamba iliyoifunika ilipomomonyoka, graniti ilipungukiwa mzigo, ikapasuka. Maji ya mvua yakapenya, yakageuza kingo za nyufa kuwa udongo, udongo ukachukuliwa, mawe yakabaki juu ya mawe. Kwingine udongo huo huziba ufa. Ndiyo maana, kati ya visima viwili vilivyochorongwa jirani, kimoja huweza kutoa maji na kingine kikawa kikavu.

Penye joto, kufunguka na kuziba huko kuna uzito mkubwa zaidi. Mwanza haina mvuke, kwani imekaa juu ya mwamba wa kale uliokwisha kupoa, kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Mvuke uko mashariki mwa ziwa, Olkaria nchini Kenya, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981.

Huko mvuke hupita hasa katika nyufa. Maji ya moto huyeyusha silika iliyomo katika miamba. Yakichemka au kupoa, huiacha kwenye kuta za ufa, mfano wa ukoko mweupe ndani ya birika. Chokaa nayo hutuama pale maji yanapochemka na kupoteza hewa ya ukaa. Ufa husinyaa mwaka hadi mwaka, hata tetemeko dogo liufungue upya.

Binadamu naye ana mkono wake. Maji yaliyopoa hurudishwa ardhini ili shinikizo lisishuke. Jiwe la moto likiguswa nayo hunywea, na ufa hutanuka. Ni heri, ila kwa kiasi: ukitanuka mno, maji baridi hukimbilia kisima cha mvuke kabla ya kupata moto. Wataalamu wa Olkaria wamewahi kutia rangi katika maji yanayorudishwa, kisha wakangoja kuona itaibukia kisima gani.

Tanzania, ambayo mwaka 2013 iliunda kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, inayatazama maeneo kama Ngozi mkoani Mbeya. Kisima kimoja kirefu cha mvuke hugharimu mabilioni ya shilingi, na kikiukosa ufa ulio wazi, hakizungushi mtambo.