Simu ya muzazi mukononi mwa mutoto: namna ya kumulinda

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, mutoto hana simu yake. Anaazima ya mama ao ya baba. Anacheza, anatazama katuni, kiisha anafungua picha. Mara nyingi hatari iko pale.

WhatsApp ikiachwa vile ilivyo, picha na video za magrupu zinaweza kuingia zenyewe ndani ya simu. Wakati wa vita, kati yazo munakuwa maiti na watu waliojeruhiwa. Pengine muzazi hajaziona bado, lakini mutoto ameshaziona.

Kwa kuzuia hiyo, ingia mu WhatsApp, ku « Paramètres », kiisha « Stockage et données ». Pale wanapoandika « téléchargement automatique », ondoa alama zote. Rudi nyuma, fungua « Discussions », na uzime « Visibilité des médias ». Mega pia zitadumu. Lakini picha za zamani zitabakia: unapaswa kuzifuta wewe mwenyewe.

Na kama mutoto ameshaona? Usimupige. Ukimupiga, siku ingine ataficha. Muulize aliona nini na alielewa nini, umusikilize mpaka mwisho, umujibu ukweli kwa maneno mafupi. Ikiwa majuma yanapita naye angali anaota vibaya, anakojoa kitandani ao anaogopa kwenda masomo, mupeleke ku kituo cha afya.

Kuhusu saa, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mashauri mwaka 2019: mutoto wa chini ya mwaka 1 asitazame kioo hata kidogo, wa miaka 2 mpaka 4 asipitishe saa 1 kwa siku. WhatsApp na TikTok zenyewe haziruhusu mutoto wa chini ya miaka 13 kufungua konti ya kawaida.

Kwa wakubwa, sheria ya nyumba iwe moja, na muzazi aifuate pia: hakuna simu wakati wa kula, na usiku simu zote zinalala chumba cha wazazi. Mutoto atumie simu sebuleni, si pa kujificha.

Tena, video ya maiti ikikufikia, usiitume kwa wengine. Kule inaenda, simu iko pengine mukononi mwa mutoto wa jirani.