Siku Kumi: historia ya ile barua ya malipo ya ulemavu

SEHEMU YA 1

Nilipoandika juu ya figo mwezi uliopita, nusu ya maswali mliyonitumia hayakuwa ya figo. Yalikuwa ya SSI. "Dada nesi, wameandika wanamkagua baba upya, tufanyeje?" "Mama yangu amekatiwa na bado hatembei, inawezekanaje?"

Mimi si wakili. Mimi ni nesi wa wodini, nina diploma ya nyumbani na leseni ya huku Marekani, basi. Lakini barua hizi nimeziona nyingi kwenye vile vimeza vya kando ya kitanda, chini ya juisi na dawa, na nimegundua kwamba ni vigumu kuzielewa kama hujui zilitoka wapi. Kwa hiyo leo ni historia. Chukua chai, ni ndefu.

Nianze na mzee mmoja. Sitasema mji wala ugonjwa wake. Ni Mkongomani, alikuja huku kama mkimbizi baada ya miaka mingi ya kambi. Binti yake alikuwa ananitolea dawa za nyumbani kutoka kwenye mfuko wa nailoni ili niziandike, na katikati ya dawa nikaona bahasha ya serikali. Haijafunguliwa.

"Hii barua ilikuja lini?"

"Ni siku mingi, dada. Tulizani ni matangazo."

Tukaifungua pale pale. Ilisema mzee amekaguliwa, ameonekana hana tena ulemavu, malipo yatasimama. Nikaangalia tarehe ya juu: zaidi ya wiki tatu. Moyo wangu ukashuka, maana kuna siku 10 za muhimu sana kwenye barua ile, na zilikuwa zimeshapita. Hizo siku 10 ndizo nataka tuzungumze. Hazikuwekwa na mtu mwenye roho nzuri ofisini. Watu walizilipia.

SEHEMU YA 2

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilitiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935. Wazee walikumbukwa, waliopoteza kazi walikumbukwa, hata maskini wasioona walikumbukwa kupitia majimbo yao. Lakini mjenzi wa miaka 40 aliyeanguka akavunjika mgongo hakuwemo. Ilibidi angoje miaka 21.

Kwa nini muda wote huo? Hofu ilikuwa ile ile mnayoisikia leo: watu watadanganya, gharama itatushinda. Chama cha madaktari cha Marekani nacho kilipinga kwa nguvu, kikiona ni mlango wa serikali kuingia kwenye udaktari. Mwaka 1956 jambo hili lilipita kwenye Seneti kwa kura 47 dhidi ya 45, na Rais Eisenhower akatia saini tarehe 1 Agosti. Hata hivyo ilikuwa kwa wenye miaka 50 hadi 64 tu. Sharti hilo la miaka 50 liliondolewa mwaka 1960. Hiyo ndiyo SSDI: umefanya kazi, umechangia, umeumia, unalipwa.

SSI ni dada yake mdogo, ilianza Januari 1974, na ni kwa mzee au mlemavu maskini hata kama hajachangia kitu. Mwanzoni ilikuwa dola 140 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mwaka 2025 ilikuwa dola 967. Kiasi hicho huongezwa kufuata bei ya vitu, sawa. Lakini kuna kitu kingine hakiongezwi: akiba unayoruhusiwa kuwa nayo. Ilipandishwa hadi dola 2,000 mwaka 1989 na imebaki hapo hapo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana mvi. Nimeona familia ikikatiwa kwa sababu watu wa kanisa walichangia mazishi, pesa zikapitia akaunti ya mama mwenye SSI na kulala humo mpaka mwezi mpya ukaanza. Tutarudi kwa hilo siku nyingine, linanipandisha presha.

SEHEMU YA 3

Sasa tuingie kwenye maumivu yenyewe.

Kulikuwa na mtu wa Virginia anaitwa George Eldridge. Alianza kulipwa malipo ya ulemavu mwaka 1968. Mwaka 1972 akatumiwa fomu ya maswali kuhusu afya yake, akajaza, ofisi ikaamua hana tena ulemavu, ikamkatia. Alienda mahakamani akasema: mngenisikiliza kwanza, uso kwa uso, kabla ya kunikatia. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa na mwaka 1976 akashindwa. Mahakama ilisema kusikilizwa baada ya kukatiwa kunatosha, kwa kuwa mambo ya ulemavu zaidi ni karatasi za daktari. Jaji Brennan alipinga, akakumbusha kwamba wakati huo wote nyumba ya Eldridge ilichukuliwa, samani zikabebwa, na yeye na mke wake na watoto wakalala kitanda kimoja.

Mambo ya ulemavu zaidi ni karatasi. Kama umewahi kulaza mgonjwa unajua shida ya sentensi hiyo. Karatasi inasema "anatembea". Haisemi anatembea hatua nne, anashika ukuta, anakaa chini analia.

Kisha ikaja sheria ya 1980. Rais Carter alitia saini kwamba kila mtu ambaye ulemavu wake hauhesabiwi kuwa wa kudumu akaguliwe kila baada ya miaka 3. Kazi ilitakiwa kuanza Januari 1982. Serikali mpya ya Reagan haikungoja, ikaanza Machi 1981, na kwa kasi. Kosa kubwa lilikuwa hili: mkaguzi hakulazimika kuonyesha kwamba umepata nafuu. Alikuchukulia kama mwombaji mpya. Uliyekubaliwa mwaka 1975 kwa mgongo ule ule, kwa daktari yule yule, sasa unasomwa kwa macho mengine unaambiwa nenda kazini.

Kati ya 1981 na 1984 karibu watu nusu milioni waliandikiwa kwamba wamekatiwa. Takribani 200,000 walirudishwa baada ya rufaa. Hebu tulia kidogo kwenye hiyo namba ya pili. Hao wote walikuwa wagonjwa kweli, na walikaa miezi bila kitu huku wakithibitisha kile ambacho serikali ilishakikubali zamani.

Walioumia zaidi ni wagonjwa wa akili. Hili halinishangazi hata kidogo. Mtu mwenye skizofrenia anayemeza dawa zake vizuri, kwenye karatasi anaonekana mzima. Mkatie pesa, ashindwe kodi, akose makao, dawa ziishe, utamwona kwenye mlango wa dharura. Huko New York ofisi zilikuwa na utaratibu wa ndani, haukutangazwa popote, wa kudhani kwamba mgonjwa wa akili ambaye hakufikia kile kiwango cha juu kabisa cha ugonjwa basi anaweza kazi nyepesi. Jiji la New York, jimbo lenyewe na shirika la hospitali za umma za jiji waliishtaki serikali kuu. Ndiyo, hospitali zilienda mahakamani, maana wagonjwa wao ndio waliokuwa wakikatiwa. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilikubaliana nao, majaji wote, na waliopitwa na muda wa rufaa wakaruhusiwa kufunguliwa tena, kwa kuwa huwezi kukatia rufaa siri usiyoijua.

Lakini aliyeamsha nchi nzima alikuwa mwanajeshi. Roy Benavidez, sajenti kutoka Texas, tarehe 2 Mei 1968 huko Vietnam alipigana kwa saa sita akiokoa wenzake na akatoka na majeraha 37. Walidhani amekufa, wakamtia kwenye mfuko wa maiti, akamtemea daktari mate ili ajue yuko hai. Tarehe 24 Februari 1981 Rais Reagan mwenyewe alimvisha Nishani ya Heshima, kubwa kuliko zote. Mwezi uliofuata ukaguzi ukaanza. Na mwaka 1983 yule yule Benavidez akapata barua: huna ulemavu, malipo yanasimama. Juni mwaka huo alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, na alisema hazungumzi kwa ajili yake peke yake. Malipo yake yalirudishwa.

SEHEMU YA 4

Kumbe huku chini majimbo yalikuwa yameshachoka. Huenda hujui: pesa ni za serikali kuu, lakini anayesoma faili na kuamua ni ofisi ya jimbo. Magavana wakaanza kuwaambia watu wao wasimamishe kukata. Mahakama nazo zikatoa amri moja baada ya nyingine. Ilipofika 1984, zaidi ya nusu ya majimbo ama yalikuwa yamegoma ama yalikuwa chini ya amri ya mahakama. Aprili mwaka huo Waziri Margaret Heckler akasimamisha ukataji nchi nzima. Tarehe 9 Oktoba 1984 Reagan akatia saini marekebisho ambayo yalipita bila kura hata moja ya kupinga: 402 kwa sifuri, na Seneti 99 kwa sifuri.

Sasa chukua barua yako uiweke mbele yako.

Pale inapozungumzia kama hali yako imepata nafuu: hiyo ni ya 1984. Kwa kawaida hawawezi tena kukukatia kwa kusema tu wamekusoma upya. Waonyeshe umepata nafuu kiasi cha kufanya kazi, ukilinganisha na siku waliyokukubali mara ya mwisho. Ndiyo maana karatasi za kliniki za miaka ya nyuma ni dhahabu. Usizitupe unapohama nyumba.

Pale inapokuambia unaweza kuomba malipo yaendelee wakati rufaa inasikilizwa: hiyo ilianza na sheria ya Januari 1983, na ndiyo jibu la kile kitanda kimoja cha Eldridge. Hapa ndipo siku 10 zinapokaa. Unazihesabu tangu upokee barua, nao huchukulia uliipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa. Rufaa yenyewe ina siku 60. Watu wengi husikia "siku 60" wakalala. Ukikata rufaa siku ya 40 rufaa yako ni halali, lakini malipo hayataendelea mpaka rufaa iamuliwe. Na uambiwe ukweli wote: ukiomba malipo yaendelee kisha ukashindwa, wanaweza kuyadai. Unaweza kuomba usamehewe deni, lakini hakuna ahadi.

Na ile fomu ya ukaguzi usiikalie. Inaweza kuja baada ya miezi 6 hadi 18, au miaka 3, au miaka 5 hadi 7, kulingana na walivyoandika kuhusu ugonjwa wako. Wengi niliowaona wamekatiwa hawakukatiwa kwa sababu wamepona. Walinyamaza tu. Mkalimani ni bure, omba wa Kiswahili, usimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri neno kama "uti wa mgongo".

Yule mzee? Kanuni zao zinakubali kuchelewa kwa sababu ya maana, na kutojua Kiingereza kumetajwa kabisa kuwa sababu mojawapo. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii pale hospitalini aliketi na binti siku ile ile wakaandika hivyo hivyo. Ikakubaliwa. Rufaa ilichukua miezi, akashinda. Hizo wiki za katikati, kodi ilichangwa na majirani.

SEHEMU YA 5

Lakini kuna barua ya pili, na hii inahusu hasa ndugu zetu wakimbizi. Bahasha inafanana, ndani ni kitu kingine kabisa.

Agosti 1996 Rais Clinton alitia saini sheria kubwa ya kupunguza misaada. Wageni wengi walitolewa kwenye SSI. Mkimbizi aliachiwa miaka 5, na mwaka uliofuata ikaongezwa kuwa 7. Baada ya hapo, kama hujawa raia, SSI inakoma. Hata kama huoni. Hata kama uko kitandani. Mwaka 2008 Kongresi iliongeza miaka 2 kwa muda, ikaisha Septemba 2011, na saa ikarudi kwenye 7.

Mama mmoja aliniletea faili nzima, picha za eksirei, barua za madaktari watatu, akidhani wanabisha ugonjwa wake. Niliona vibaya kumwambia: mama, hakuna anayebisha ugonjwa. Ni kalenda. Hapa cheti cha daktari hakiokoi SSI, kinachookoa ni uraia. Mkimbizi huomba grinikadi baada ya mwaka 1, na ikitoka tarehe yake hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Kwa hiyo akifika mwaka wa 5 anaweza kuomba uraia. Amebakiza miaka 2 tu kabla ya mkasi, na maombi yenyewe huchukua muda. Anza kujiandaa mwaka wa 4.

"Lakini mama hawezi kujifunza Kiingereza, kiharusi kimemwondolea kumbukumbu." Sawa. Tangu 1994 sheria inamsamehe mtihani wa Kiingereza na wa historia mtu ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza. Fomu yake inaitwa N-648. Anayesaini ni daktari au mwanasaikolojia wa tiba. Nesi haruhusiwi, kwa hiyo msinitumie. Daktari akiandika "ana kiharusi" na kuishia hapo, itarudishwa. Lazima aeleze kiharusi kile kinamzuiaje kujifunza na kukumbuka.

Jinsi ya kumwandaa daktari kwa fomu hiyo nitaiandika kivyake. Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa, maswali nitajibu Jumamosi nikiamka. Msiandike majina ya wagonjwa wenu wala namba zao kwenye komenti, tafadhali. Andika tu: ni barua ya kwanza au ya pili, na tarehe iliyo juu.